Zaka ya Malangoni: Kumrudishia Mungu kwa Kuwahudumia Watu



Mnada wa sikukuu ya mavuno tunaujua sote. Mkungu wa ndizi unanadiwa, aliyeununua anaurudisha unadiwe upya, fedha inatangazwa, tunapiga makofi: tumemrudishia Mungu. Sina ugomvi na mnada. Makanisa yetu mengi yameezekwa kwa mikungu hiyo. Ninachouliza ni hiki: mkungu wenyewe mwishowe umeliwa na nani?

Torati ilishalijibu swali hilo. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kuwa kila mwaka wa 3 zaka ya mazao iwekwe malangoni mwa miji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Haikuwa nyongeza ya hisani baada ya Mungu kupata fungu lake. Fungu la Mungu lenyewe ndilo lililokwenda kwa mjane, na mhudumu wa ibada akala naye humo humo. Sura ya 24 inakwenda mbali zaidi: mganda uliosahauliwa shambani usifuatwe. Mwenye shamba hachagui wa kumpa, wala hashukuriwi.

Hapo ndipo penye mtihani, kwa maana sisi tunapenda kutoa tukionekana. Tunafika wodini na sabuni na sukari, na kabla ya sala mgonjwa anainuliwa akae vizuri, shuka linavutwa, mfuko unashikwa na watu watatu kwa mkupuo, picha inapigwa. Dakika tano baadaye tuko kwenye gari. Yule mgonjwa alihitaji mtu wa kumchotea maji wiki nzima atakaporudi nyumbani.

Wapo wanaosema huduma ni ya taasisi, na hospitali kama KCMC ya Moshi ipo tangu 1971. Ni kweli, tena ni heshima kubwa kwa kanisa. Ila hospitali ikishamruhusu mgonjwa, jirani yake ni usharika.

Tusidhani bidii peke yake inatosha. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na bidii, na bado wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walirukwa katika mgawo wa kila siku (Matendo 6). Mitume hawakuhubiri juu ya upendo siku ile. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Someni majina yao, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kigiriki. Inaelekea kazi walikabidhiwa watu wa upande ule ule uliolalamika.

Lakini kamati zetu za diakonia, zinazosimamia huduma kwa wahitaji, zimejaa watoaji, wenye maduka na wastaafu wenye pensheni. Napendekeza katika uchaguzi ujao kila usharika uweke humo mjane mmoja na mtu mmoja mwenye ulemavu, wenye kura, na orodha ya wanaosaidiwa isipitishwe wao wakiwa hawapo.