Rafu Tupu za Eldoret

Msikilizaji, kampuni ya maduka ya Hudson's Bay ilipofunga maduka yake Canada mwaka 2025, sisi wa Eldoret tulikuwa tumeshayaona hayo. Supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilikuwa hapa mjini, zote zimekwenda. Wateja hawakuwa wamezikimbia. Madeni ndiyo yaliyozizamisha, na Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura ivunjwe. Dalili tuliziona rafuni: paketi za unga zimepangwa safu moja mbele, nyuma hamna kitu, maana aliyezileta hakuwa amelipwa. Huyo ndiye ninayemlilia. Mwenye kiwanda kidogo cha mkate alikopesha duka kubwa bila riba wala dhamana. Sheria ya ushindani ilirekebishwa 2019 imlinde msambazaji. Mamlaka ya Ushindani iitumie bila woga, kabla rafu hazijaanza kuwa tupu tena.