Nzi wa Matunda na Baridi ya Meru

Msikilizaji, pasua pera lililoanguka chini ya mti pale Tengeru, chini ya Mlima Meru: ndani funza weupe wanajikunja. Ni watoto wa nzi wa matunda. Mwaka 2003 nzi wa matunda wa Asia aligunduliwa Kenya, akaenea upesi hadi kwetu Tanzania, akishamiri zaidi kwenye maembe ya ukanda wa joto. Baridini nako nzi wa matunda wapo. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa nzi mmoja wa matunda wa Afrika, aliyedhaniwa kuwa spishi moja, ni spishi mbili: mmoja hupenda joto, mwenzake, kwa urithi wake, huhimili baridi ya miinuko. Kwa hiyo ubaridi wa Meru si kinga. Mkulima, okota matunda yaliyoanguka, yafukie kwa kina cha nusu mita, na mitego itundike mapema.