Mzizi Uliojisokota

Leo twawaletea habari za shamba la kanisa letu hapa Fort Ternan, kando ya reli iendayo Kisumu. Kule juu Kericho ni majani ya chai; huku kwetu bondeni, penye joto zaidi, twapanda kahawa.

Miaka michache iliyopita tulipata miche ya kahawa, kila mmoja katika kifuko chake. Ilitupasa kuipanda masika yaliyofuata. Lakini wazee tulishindana juu ya nani awe mwenyekiti wa shamba, na mashindano hayo (tukiri tu) yalikula misimu miwili. Miche ikakaa kivulini, tukiimwagilia maji kila jioni. Majani yalikuwa mabichi, nasi tukaridhika.

Mwishowe tukachimba mashimo ya sentimita 60 kwenda chini na 60 kila upande, kama wakulima wafundishwavyo, tukatia samadi, tukapanda. Januari jua lilipokaza, miche ikageuka manjano. Mama mmoja wa kanisa aliung'oa mmoja akatuonyesha. Mzizi mkuu ulikuwa umejisokota kama mkia wa nguruwe. Ulishuka hadi chini ya kifuko, ukakosa njia, ukazunguka. Na hata ulipopewa shimo pana ukabaki na mpindo ule ule. Unyevu ulikuwapo chini, lakini haukuufikia.

Jambo hili si la kahawa peke yake. Mwaka 2012 wataalamu walilinganisha majaribio 65 ya mimea ya vyunguni. Waliona kwamba chungu kikiongezwa ukubwa mara mbili, mmea huzidi uzito kwa asilimia 43, kwa wastani.

Tukiwa tumesimama pale, mche mkononi, tulimkumbuka kijana mmoja wa kwetu. Akiwa na miaka 16 aliomba kusoma somo kanisani. Tukamwambia, "Ngoja, mwanetu, ungali mdogo." Akaomba kufundisha Shule ya Jumapili. Ngoja. Alipofika miaka 30 tukampa uongozi wa vijana kwa ghafula, akashindwa hata kusema mbele ya watu, nasi tukanung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana msimamo. Siku hizi haji tena ibadani.

Katika Marko 4 Bwana anataja mbegu iliyokosa udongo wa kina, ikanyauka. Tumeihubiri mara nyingi juu ya ugumu wa mioyo ya wasikiao. Ni mara chache tumeuliza ni nani aliyeupunguza udongo.

Miche ile tuliing'oa. Ile mipya tuliipanda mapema, tukikata kwanza kitako cha kifuko na ncha ya mzizi iliyoanza kupinda. Kisha tukasoma Luka 13, habari za mtunza shamba aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, wazee wanne, tukamwomba radhi.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ngojeni kidogo, wazee."

Tunangoja.