Polisi wa Askari

Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu:

Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya jeshini, kazi ya Polisi Jeshi, ambao wengi mnawaita MP. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ameniuliza pale mlangoni kama MP anaweza kumkamata akichelewa kurudi bwenini. Hawezi. Huyu ni polisi wa askari.

Wazee wetu wa Ugogo hawakuijua tofauti hiyo. Wajerumani walipojenga maboma Mpwapwa na Kilimatinde, askari aliyepigana vita ndiye aliyekuja kijijini kudai kodi na kufunga watu kamba. Nani alimchunga askari yule? Ofisa wake tu, akipenda.

Waingereza walikuwa na polisi jeshi wao, wa farasi tangu 1877 na wa miguu tangu 1885, wakajulikana kwa kofia nyekundu. Majeshi mengi ya nchi walizozitawala yakairithi rangi hiyo. Nionavyo mimi faida yake ni moja: huonekana kwa mbali. Kwangu alama kubwa ilikuwa kitambaa cha mkononi chenye herufi MP. Askari mlevi kilabuni akiziona herufi hizo, aliweka kata chini.

Tukizungumza sare, tahadhari kwenu mnaopenda mitumba ya madoadoa: si mapambo. Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku saba wasalimishe sare walizokuwa nazo, hata nguo zinazofanana nazo.

Lakini kwa nini askari achungwe? Sisi tulijifunza Januari 20, 1964. Askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Wakawakamata wakubwa wao, wakaingia mjini. Watu wakafa, maduka yakaporwa. Siku iliyofuata Tabora nako kukawaka. Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba msaada Waingereza tuliokuwa tumeachana nao miaka miwili tu nyuma. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ikafuata mwaka 1966.

Polisi jeshi hulinda malango ya kambi, huongoza misafara barabarani, hupeleleza makosa ya askari, husindikiza wafungwa na mateka wa vita. Humkamata hata aliyemzidi cheo. Mtu mwenye uwezo huo naye hupotoka upesi. Uganda, wakati wa Amin, polisi jeshi wa Makindye waliwakamata raia, na wengi walioingia mle hawakutoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, nilikuwa nakagua pasi za likizo za askari kwenye stesheni ya reli hapa mkoani. Garimoshi la kutoka Dar es Salaam likaingia, akashuka koplo mmoja. Tulikuwa dawati moja katika shule hii. Hesabu zangu nyingi alinifanyia yeye. Akacheka, akaniita kwa jina la utani. Nikamwomba pasi. Ilikuwa imekwisha siku nne.

Akaniambia mama yake yuko hospitali ya Mvumi, ana hali mbaya, anakwenda kumwona tu. Nilimwamini, na hata leo namwamini. Lakini vijana wawili niliokuwa nawafundisha kazi walisimama nyuma yangu, na asubuhi ileile tulikuwa tumemrudisha askari mwingine mwenye kisa kama hicho. Nikamkamata. Mkubwa wake akampa siku kumi na nne za mahabusu. Mama akazikwa siku ya sita.

Vijana wataniuliza kama nilikosea. Kisheria sikukosea. Ila ningeweza kumsindikiza Mvumi mimi mwenyewe, chini ya ulinzi, kisha nimpeleke kambini. Kibali cha kufanya hivyo ningekiomba kwa simu ya stesheni. Wazo hilo lilinijia usiku, nikiwa nimeshavua kitambaa.

Jina lake limo katika orodha ya darasa letu iliyobandikwa ukumbini, lakini mikutano yote hii hajapata kufika. Anayejua aliko, amwambie mimi nakaa Dodoma na nitafurahi kumpokea. Sasa niko tayari kwa maswali.