Kufunga Lango kwa Muda: Hesabu na Haki



Mmeniuliza kwa nini mwajiri mmoja hufunga lango mauzo yanaposhuka, ilhali jirani yake huendelea. Nianze na kilicho karibu nasi. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966. Tanuri la saruji huunguza mawe ya chokaa kwa joto la takriban nyuzi 1,450, nalo halizimwi kama taa. Likipoa, matofali yake ya ndani huweza kupasuka, na kuliwasha upya hula nishati nyingi. Kwa hiyo soko likilegea kwa muda mfupi, viwanda vya aina hiyo huona nafuu kulimbikiza klinka na kupunguza usagaji.

Mfyatua tofali hana tanuri, ila hesabu ni ileile. Tuseme pango lake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Afunge asifunge, atalilipa. Ikiwa mauzo yanamwachia 100,000 baada ya saruji, mchanga, maji na ujira, akiendelea atapungukiwa 200,000, akifunga, 300,000. Basi heri aendelee, maadamu ana akiba ya kuziba pengo hilo. Mauzo yakishindwa kulipia hata mchanga, kila siku ya kazi humwongezea deni. Hapo asimame, akijua kwamba fundi wake stadi huenda akahamia Bunju na asirejee.

Lililo gumu ni kukadiria muda. Mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa zilisitishwa Aprili 11 na kuruhusiwa tena Mei 18, lakini wageni hawakufurika hotelini siku hiyo.

Sasa upande wa mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao juu ya njia za kuepuka hatua hiyo. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kisichozidi miaka 10.

Nimewahi kukutana na vijana walioambiwa kwa mdomo, “Nendeni, tutawaita.” Walisubiri miezi mitano. Lalamiko la kuachishwa isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ombeni barua yenye tarehe siku hiyohiyo lango linapofungwa.