Tumemsoma Bwana Msa: Maoni Yetu Wanakisomo wa Fundo

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo na wazee wa kijiji)



Sisi wanakisomo tumemaliza kitabu. Tumekisoma kwa zamu, kurasa chache kila jioni baada ya sala ya Isha. Mmoja akisoma, wengine wanasikiliza. Akikwama, anasaidiwa. Leo tumekuja kuwaambieni tuliyoyaona humo, mazuri na mabaya.

Kitabu chenyewe kinaitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Mtungaji wake ni Muhammed Said Abdulla, mtu wa kwetu Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kwanza alikuwa mkaguzi wa afya. Kisha akaingia kazi ya magazeti, na toka mwaka 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Basi mnaona! Mtu huyu aliwaandikia wakulima, watu kama sisi. Hadithi yake hii ilishinda mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na ikapigwa chapa mwaka 1960. Baadaye akatunga nyingine, kama vile Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Alifariki mwaka 1991.

Ndani ya vitabu hivyo yumo mtu anaitwa Bwana Msa. Tazameni herufi hizo: M, S, A. Ni herufi za mwanzo za majina matatu ya mtungaji. Bwana Msa si askari wala si hakimu. Ni mtu wa mjini, mdomoni ana kiko, na kazi yake ni kuuliza na kufikiri. Anaye rafiki yake, Najum. Najum ana haraka ya kusema, na Bwana Msa hachoki kumtania. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi. Waingereza wanaye mtu wa namna hii katika vitabu vyao, jina lake Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa ni wetu. Anasema Kiswahili chetu na anajua vituko vyetu.

Hadithi inaanza kwa jambo la kutisha. Tajiri mmoja anakutwa amekufa mahali penye mzimu wa watu wa kale. Watu wanaogopa. Ati mzimu umemwua! Bwana Msa anasema ngoja kwanza, tuulize. Nani aliyemuua hatutawaambieni. Someni wenyewe.

Sasa maoni yetu.

Kwanza, tumecheka. Bibi mmoja katika darasa letu alisema hakujua kwamba kitabu kinaweza kuchekesha. Yeye alidhani vitabu ni vya kufundisha kupanda migomba na kuchemsha maji ya kunywa tu. Siku aliposoma yeye mwenyewe maneno ya utani ya Bwana Msa, alicheka mpaka akapoteza mstari, ikabidi aanze tena juu.

Pili, wapo walionung'unika. Mzee mmoja mvuvi alisema Bwana Msa anazungumza mno. Jambo la kusemwa kwa maneno matano, yeye anasema kwa hamsini. Na siri yote anaiweka mwisho, kisha anaieleza kwa maneno marefu mpaka taa inaishiwa. Kijana mmoja akamjibu, "Babu, na wewe ukirudi baharini, hadithi ya samaki mmoja si inafika hadi usiku wa manane?" Tukacheka tena, na mzee naye akacheka.

Tatu, palikuwa na ubishi mkubwa juu ya mzimu. Wengine walisema kitabu kinawafanyia mzaha wazee wa kale, na mambo ya mizimu si ya kuchezea. Wengine wakasema sivyo. Kitabu hakimtukani mtu. Kinasema tu kwamba yuko binadamu anayeweza kufanya ubaya wake, kisha akajificha nyuma ya hofu ya watu. Mzimu hauwezi kwenda mahakamani kujitetea, kwa hiyo ni rahisi kuubebesha mzigo. Hapo hatukupatana sote, na si lazima tupatane.

Nne, yuko aliyeuliza: Bwana Msa amepewa ruhusa na nani kuingia katika kesi za watu? Ni swali zuri. Tukaona kwamba Bwana Msa hamfungi mtu wala hampigi mtu. Anatafuta ukweli tu. Kukamata ni kazi ya polisi, na kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Ndugu zetu, jambo la nne hili ndilo lililotufanya tusimame hapa leo.

Mnajua nyote kwamba mwezi uliopita jarife la jirani yetu lilipotea pwani usiku. Asubuhi, kabla jua halijapanda, jina la mtu lilikwisha kuwa midomoni. Ni kijana wa dago, mgeni aliyekuja kuvua. Kwa nini yeye? Kwa sababu alionekana akitembea pwani usiku. Na kwa sababu ni mgeni. Basi! Vijana wengine walikwisha shika magongo. Wengine wakasema isomwe Halbadiri, mwizi afe au apate wazimu.

Ndipo yule mzee mvuvi, aliyesema Bwana Msa ana maneno mengi, alipouliza maneno machache tu. Nani alimwona kijana huyu, na saa ngapi? Alikuwa na kitu mkononi? Jarife lile likiwa na maji, mtu mmoja analibeba? Usiku ule maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Kama yalikuwa yamekupwa, chombo kilikuwa mbali, na waliobeba walipita kwenye tope. Nyayo ziko wapi, na ni za watu wangapi?

Watu wakanyamaza. Aliyekuwa amesema "nimemwona" akasema, "Nimeambiwa." Na aliyemwambia naye aliambiwa. Magongo yakawekwa chini. Mambo yakapelekwa kwa sheha, na hadi leo yako kwake. Jarife halijaonekana. Mwizi hajajulikana. Lakini hapana mtu aliyevunjwa mkono kwa tetesi.

Tangu utoto tumesikia kwa masheikh wetu kwamba anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekana huapa. Hilo si jambo jipya lililoletwa na kitabu. Ila sisi binadamu tunasahau tukiwa na hasira, na hasara ya jarife si ndogo. Ni chakula cha watoto. Lakini hasira ya aliyeibiwa haimfanyi jirani yake kuwa mwizi.

Maana ya ushahidi ni nini? Ushahidi ni kitu ulichokiona kwa macho yako, au ulichokisikia kwa masikio yako, au alama inayoweza kuonyeshwa kwa mtu mwingine. "Watu wanasema" si ushahidi. "Yeye ni mgeni" si ushahidi. "Uso wake haunipendezi" si ushahidi.

Tena tuna faida sasa ya kujua kuandika. Likitokea jambo, tuandike siku hiyo hiyo: siku gani, saa ngapi, nani alikuwepo, alisema nini. Maneno ya mdomo yanaongezeka kila yakipita baraza moja. Yaliyoandikwa yanakaa kama yalivyo. Ukienda mbele ya sheha, kadhi au polisi ukiwa na karatasi yako, hutayumba.

Wazee wetu, sisi tunaomba mambo mawili. La kwanza, anayekwenda Wete na akakiona kitabu kingine cha Bwana Msa, atuletee. Tutachanga fedha. La pili, kijana yule wa dago bado yuko nasi. Asubuhi anasukuma chombo pamoja na vijana wetu. Mpeni salamu yake. Mpaka aje mtu na ushahidi, yeye ni mvuvi kama sisi.

Usemi wetu umekoma hapo.