Mazungumzo: Msuluhishi Asiye na Upande Katika Biashara ya Ziwa Tanganyika



Katika karne ya 19, njia ya misafara iliunganisha pwani na Ujiji, na wafanyabiashara wa Unguja walikuwa na mali ziwani Tanganyika. Siku hizi mizigo hutoka Kigoma ikavuka kwenda Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu, na watu wa Rusimbi ni miongoni mwa wanaoishi karibu na biashara hiyo. Hapana budi kueleza ni nani anayepasa kuamua pale mwenye mzigo na mwenye chombo wanapotofautiana.

Mfano ni huu. Mifuko ya saruji inapakiwa Kigoma, inafika Kalemie imelowa na kuganda. Mwenye mzigo anadai chombo hakikuwa na turubai. Nahodha anajibu kwamba mifuko ililala nje ufukoni ikanyeshewa kabla ya kupakiwa. Wakienda mahakamani, mmoja wao atajiona yuko ugenini. Ndiyo maana hufaa mkataba useme mapema kwamba mgogoro utapelekwa kwa msuluhishi.

Msuluhishi si mpatanishi. Mpatanishi huwasogeza wagomvi mpaka wakubaliane wenyewe. Msuluhishi husikiliza, hupima ushahidi, kisha hutoa uamuzi uitwao tuzo, nao huwafunga wote wawili. Hapa kwanza ataitaka hati ya shehena. Iwapo nahodha aliisaini bila kuandika kwamba mifuko ilikuwa na unyevu, atakuwa na kazi nzito ya kueleza unyevu huo ulitoka wapi. Kusaini upesi ili kuwahi safari ni mazoea, nayo ni mazoea ya hasara.

Gumu zaidi ni uhuru wa msuluhishi. Rusimbi ni mahali pa watu wanaojuana: mwenye chombo huenda ni shemeji, mwenye mzigo ni jirani wa safu moja msikitini. Katika ugomvi wa ndoa wazee huitwa kutoka pande zote mbili, na hiyo ni sifa. Katika biashara ni kasoro. Kabla ya kuanza, msuluhishi hupaswa kutaja kwa maandishi udugu, deni au ubia alionao na upande wowote. Hata aliyekopeshwa dagaa mwaka uliopita na aseme. Ujira wake nao usitegemee nani ameshinda. Upande wenye shaka ya msingi waweza kuomba mahakamani aondolewe. Na yaliyofichwa yakigundulika baadaye, tuzo yenyewe yaweza kupingwa, na gharama zote zikawa zimekwenda bure.

Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1931, ni ya Tanzania Bara. Ama Mkataba wa New York wa 1958 kuhusu kutambua tuzo za nchi za nje, Tanzania ilijiunga 1964, Zambia 2002, Burundi na Kongo 2014. Kwa hiyo tuzo iliyotolewa Kigoma yaweza kuombewa utekelezaji katika nchi zote zinazopakana na ziwa hilo, kwa masharti ya mkataba huo.

Wenye mizigo wanaopitia Kigoma wanashauriwa kusoma kifungu cha migogoro kabla ya kusaini, na kuhakikisha kimetaja idadi ya wasuluhishi, mji wa usuluhishi na lugha itakayotumika.